Kukaza cheni ya chenso kuukuu: mwongozo kwa wakata miti wa Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi moja ya Julai, wakati majani ya kando ya barabara yalikuwa bado meupe kwa sakitu, kijana mmoja kutoka vijiji vya ndani huko Mufindi alinishushia chenso yake, yaani msumeno wa injini, kutoka kwenye pikipiki na kuniambia kwamba mashine ilikuwa imekufa usiku. Jioni iliyotangulia ilikuwa imepasua mikaratusi bila shida. Asubuhi hiyo injini iliwaka na kunguruma vizuri, lakini cheni haikusogea, na kila alipobana mafuta klachi ilitoa harufu ya kuungua. Niligusa cheni kwa kidole, nikaikuta imekaza juu ya bapa, kile chuma kirefu inachokizunguka, kama uzi wa zeze.

"Mwanangu, uliikaza lini mara ya mwisho?" nilimuuliza.

"Jana saa kumi na mbili jioni, mzee, tulipomaliza gogo la mwisho. Ilikuwa inaning'inia, nikaona niikaze kabisa ili leo tuanze kazi moja kwa moja."

Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imekazwa ikiwa ya moto, na baridi ya usiku ikamalizia kilichobaki. Nililegeza nati mbili, nikarudisha skrubu nusu mzunguko, na cheni ikazunguka kwa mkono kama kawaida. Ila beringi ya ngoma ya klachi, ambayo ilikuwa imeubeba mkazo huo muda wote alipokuwa akiilazimisha, ilibidi ibadilishwe.

Mwenye chenso mpya anaweza kukaza cheni kwa mazoea na mashine ikamvumilia, kwa sababu bapa bado limenyooka, sproketi, lile gurudumu la meno linaloivuta cheni, haijalika na pampu ya oili inasukuma inavyopaswa. Chenso iliyofanya kazi miaka kumi au ishirini katika misindano ya Sao Hill, miwati ya Njombe au mikaratusi ya Kilolo haina uvumilivu huo. Kila kifaa kilicholika hujionyesha mahali pamoja tu, yaani kwenye cheni inayoning'inia, na mwenye mashine hukimbilia bisibisi. Kwa uzoefu wangu, katika mashine kuukuu skrubu ya kukazia ndiyo ya mwisho kulaumiwa: ukijikuta unaizungusha kila baada ya gogo moja, tafuta kwanza kinachoilegeza cheni, kisha ndipo uikaze.

Vifaa vinavyohusika

Katika mwongozo huu nitaita bapa kile chuma kirefu ambacho cheni huzunguka ukingoni mwake, ingawa wapo wanaokiita baa na wapo wanaokiita bledi. Ukingo wa bapa una mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo hupita ndimi za cheni, yaani vile vipande vya chini vilivyochongoka ambavyo hushikwa na sproketi na kuvutwa. Nyuma ya bapa kuna tundu dogo ambalo huingia pini. Pini hiyo husukumwa na skrubu ya kukazia, na inaposogea mbele hulisukuma bapa liende mbali na sproketi, na hapo cheni hukaza. Bapa lenyewe hushikiliwa na stadi (boliti zisizo na kichwa) moja au mbili zilizopandwa kwenye mwili wa mashine, kava la pembeni likiwa juu yake na nati zikiwa nje.

Katika chenso nyingi za zamani skrubu hiyo iko upande wa mbele, karibu na meno makubwa ya kuegemea gogo, mahali pabaya ambapo maranda na utomvu hujaa na bisibisi haikai vizuri. Watengenezaji waliihamishia pembeni mwa kava katika mashine za baadaye, na mtu yeyote aliyewahi kuchubua vidole kwenye meno ya cheni akijaribu kuifikia ile ya mbele anafahamu sababu.

Kabla ya yote hakikisha cheni inalingana na mashine, maana cheni za kuazimana ni nyingi vijijini. Mambo matatu lazima yakubaliane. La kwanza ni nafasi ya ribiti, yaani vile vipini vinavyounga pingili za cheni: pima umbali kutoka ribiti moja hadi ya tatu yake, ugawanye kwa mbili. Chenso nyingi za kati hutumia inchi 3/8, na zile kubwa kama Stihl 070 yenye injini ya sentimita za ujazo 106, ambayo wapasua mbao wengi wanaifahamu, hutumia inchi 0.404. La pili ni unene wa ndimi, ambao kwa kawaida ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6 na lazima uendane na mfereji wa bapa. La tatu ni idadi ya ndimi. Cheni ya ndimi nyembamba ndani ya mfereji mpana itaegemea upande mmoja na kuruka, hata uikaze namna gani.

Kabla ya kushika spana

Zima injini, kisha chomoa kofia ya plagi. Swichi ya chenso kuukuu si ya kuaminiwa. Nimeziona ambazo nyaya zake zilishakatika na mwenyewe huzima mashine kwa kuvuta choki. Ukizungusha cheni kwa mkono huku plagi ikiwa imeunganishwa, unajiwekea mtego mwenyewe. Vaa glovu za ngozi, maana meno ya kukata hujeruhi hata cheni ikiwa imetulia. Kama mashine ina breki ya cheni, iachie kwa kuvuta ule mkono wa mbele kuelekea kwako, la sivyo cheni haitazunguka na utadhani umeikaza kupita kiasi. Chenso nyingi za zamani hazina breki hiyo kabisa, jambo linalofanya cheni legevu iwe hatari zaidi, kwa kuwa hakuna cha kuisimamisha ghafla.

Angalia pia kama kile kipande cha kudakia cheni bado kipo chini ya mashine, karibu na mahali cheni inapoingia kwenye kava. Kazi yake ni kuizuia cheni iliyokatika au kuruka isiupige mkono wa kulia. Kwenye mashine kuukuu mara nyingi kimeshavunjika na hakuna aliyekikumbuka. Ni kipuri kidogo, na duka lolote la vipuri vya chenso la Mafinga, Makambako au Mwanjelwa litakupatia au kukuagizia.

Subiri mashine ipoe. Ikiwa imetoka kazini, iweke kivulini hadi uweze kuliwekea bapa kiganja kitupu bila kuona joto.

Kukaza

Legeza nati za kava kwa spana, kisha uzirudishe kwa vidole tu, ili bapa liweze kusogea lakini lisichezecheze. Hapa ndipo wengi hukosea: wanazungusha skrubu huku nati zikiwa bado zimekaza, skrubu inakataa, wanaongeza nguvu, na pini inapinda au hesi za skrubu, yaani mikato yake ya kuzungukia, zinaliwa. Skrubu isipozunguka kwa nguvu ya kawaida ya mkono, simama utafute kinachoizuia.

Inua pua ya bapa juu kadiri inavyokwenda na uishikilie hapo. Sababu ni kwamba unapokata kwa upande wa chini, gogo hulisukuma bapa kuelekea juu. Kama tundu la bapa na stadi vina nafasi kidogo, na katika mashine iliyozeeka nafasi hiyo haikosi, bapa litainuka mara tu ukianza kukata na cheni uliyoiona imekaza vizuri itaning'inia papo hapo. Ukiinua pua kabla ya kukaza unakuwa umeimaliza nafasi hiyo mapema. Kama uko peke yako msituni, egemeza pua juu ya kisiki na uache uzito wa mashine ushuke upande wa nyuma. Mkono mmoja utabaki huru kwa bisibisi.

Pua ikiwa juu, zungusha skrubu kwa mwelekeo wa mishale ya saa, robo mzunguko kila mara, huku ukitazama upande wa chini wa bapa. Cheni iliyokuwa ikining'inia itapanda taratibu hadi igusane na ukingo wa bapa kwa urefu wake wote. Simama hapo. Bila kuishusha pua, kaza nati kwa spana. Zikiwa mbili, anza na ile ya nyuma, kisha ya mbele, halafu urudie zote mara moja. Ukiona umepitiliza, legeza nati tena, rudisha skrubu hadi cheni ilegee waziwazi, kisha uanze kukaza upya. Usiirudishe kidogo tu na kuiacha hapo, kwa sababu hesi zilizolika zina mchezo ndani yake, na pini iliyoachwa bila kuegemea kitu itarudi nyuma yenyewe mtetemo utakapoanza.

Sasa pima. Shika cheni katikati ya bapa upande wa juu na uivute juu kwa vidole viwili. Ndimi ziinuke sehemu tu, ncha zake zibaki ndani ya mfereji, na ukiachia cheni irudi mahali pake mara moja. Zikitoka kabisa, cheni ni legevu. Zisipoinuka hata kidogo, umekaza mno. Kisha ivute cheni kwa mkono izunguke mara mbili nzima, ukiivuta upande wa juu kutoka nyuma kuelekea puani, ambako ndiko ncha za meno ya kukata zinakotazama. Iende kwa ulaini ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikilegea mahali fulani na kukaza mahali pengine, basi ama sproketi haiko duara tena, ama sehemu ya cheni imelika zaidi ya nyingine. Katika hali hiyo pima mkazo pale inapokaza zaidi, maana ukipima palipolegea utaibana pale pengine.

Pua ya bapa nayo ina neno lake. Mabapa mengi ya siku hizi yana gurudumu dogo lenye meno ndani ya pua, na cheni yake inaweza kukazwa hadi iguse ukingo kabisa. Mengi ya zamani yana pua ngumu isiyo na gurudumu, ambapo cheni hukwaruza chuma kwa chuma. Hayo yanataka cheni legevu kidogo zaidi. Iguse ukingo wa chini bila kuubana. Ukiikaza sawa na ya gurudumu, pua itageuka rangi ya buluu kwa joto ndani ya siku moja, na chuma kilichogeuka buluu kimepoteza ugumu wake.

Joto la kazi na baridi ya kwetu

Chuma hutanuka kikipata joto. Cheni ya inchi 3/8 yenye ndimi 72 ina urefu wa karibu meta 1.37, na ikipata joto la nyuzi 80 zaidi ya lile iliyokazwa nalo huongezeka kama milimita 1.3. Ni kidogo ukikisikia, lakini urefu huo wote hukusanyika upande wa chini wa bapa, na milimita moja na ziada ya urefu hujionyesha kama mwanya wa zaidi ya sentimita moja katikati. Kwa hiyo cheni iliyokazwa sawasawa asubuhi itaning'inia kiasi baada ya gogo la kwanza, na hilo si kosa. Ilimradi ncha za ndimi bado zimo ndani ya mfereji, endelea na kazi. Zikianza kuchungulia nje karibu nusu yake, zima mashine, usubiri, kisha ukaze.

Tatizo la huku kwetu ni upana wa tofauti. Njombe mjini iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, Makete iko juu zaidi, na kati ya Juni na Agosti alfajiri inaweza kukaribia nyuzi sifuri huku saa saba mchana jua likichoma. Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto, halafu ikalala nje usiku wa namna hiyo, hujifupisha kuliko mkazi wa Pwani angeweza kudhani, na nguvu hiyo yote huangukia bapa, stadi, beringi ya klachi na krenki. Ndiyo maana sikubali mtu akaze cheni jioni. Ikibidi kukaza msituni mashine ikiwa bado na joto kidogo, kwa sababu haijapoa na gari la magogo linasubiri, iache cheni ikiwa imelegea kwa unene wa sarafu chini ya bapa, na ukimaliza zamu ulegeze nati mara moja.

Asubuhi za baridi zina mtego mwingine. Oili huwa nzito kama uji, pampu huisukuma kwa shida, na dakika za kwanza bapa huwa kavu. Iwashe mashine, iache iungurume kidogo, uzungushe cheni bila kukata hadi uone oili imefika, kisha ndipo uanze na tawi kabla ya gogo.

Cheni inayolegea kila mara

Watu husema cheni imevutika, kana kwamba ni mpira. Chuma chake hakivutiki kwa kiasi cha kuonekana. Kinacholika ni ribiti na matundu yake. Cheni ya ndimi 72 ina viungo 144, na kila kiungo kikilika milimita 0.05 tu, jumla ni zaidi ya milimita 7. Bapa litalazimika kusogezwa mbele nusu ya urefu huo ili kuumeza. Cheni mpya hulika haraka mwanzoni, kwa sababu mikwaruzo ya kiwandani bado inajisawazisha, hivyo ilaze usiku kucha ndani ya oili safi kabla ya kuifunga, uizungushe dakika mbili tatu bila kukata, na uikague baada ya kila magogo machache siku hiyo ya kwanza. Baada ya hapo inatulia kwa muda mrefu.

Ikifika wakati skrubu imeisha njia na cheni bado inaning'inia, wapo mafundi watakaokuambia waitoe pingili moja na kuiunga upya. Sikushauri. Cheni hiyo imeongezeka urefu kwa sababu nafasi za ribiti zake zimepanuka, na sasa hazilingani tena na meno ya sproketi. Ukiifupisha, inakaza, lakini inaendelea kupanda juu ya meno na kuyatafuna. Kutoa pingili kunafaa tu kwa cheni mpya iliyonunuliwa ndefu kuliko bapa lako.

Sproketi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, kwa kuwa imejificha nyuma ya kava na katika mashine nyingine iko nyuma ya klachi. Toa kava, futa grisi, utazame mahali ndimi zinapokalia. Ukiona mikato yenye kina cha nusu milimita, ambapo ukucha unanasa waziwazi, ibadilishe. Kwa kawaida sproketi moja hutosha kwa cheni mbili, pengine tatu. Mtu anayefunga cheni mpya kwenye sproketi iliyoliwa hadi meno yakawa kama ndoano atakuwa na cheni kuukuu ndani ya wiki mbili, na atalaumu duka alikoinunua.

Baada ya hapo lichunguze bapa. Lilaze juu ya meza iliyonyooka uone kama limepinda. Pitisha kidole kwa uangalifu kandokando ya kingo: ukihisi chuma kimejikunja nje kama makali ya bati, kisage kwa tupa yenye uso ulionyooka hadi kiwe sawa. Weka rula ubavuni mwa bapa ikiwa cheni imefungwa. Kama cheni inalalia kwenye rula bila kuacha nafasi, mfereji umepanuka na cheni inainama upande mmoja. Tazama pia kina cha mfereji, kwa sababu ndimi zinapogusa chini yake bapa limefika mwisho na hakuna kukaza kutakakolirudisha. Ili lidumu, ligeuze juu chini kila unapobadilisha cheni au kila unaponoa kwa kina, ili kingo zote mbili zilike sawa, na safisha mfereji kwa waya mwembamba. Utomvu wa msindano ukichanganyika na maranda hukauka humo kama saruji. Petroli kidogo na mswaki wa zamani huutoa.

Kisha kuna pini na skrubu yake. Zungusha skrubu bapa likiwa limetolewa, uone pini ikitembea mbele na nyuma bila kukwama. Ikikwama, itoe, uioshe, uipake grisi na kuirudisha. Ikiwa imepinda, badilisha, maana pini iliyopinda hulisukuma bapa kiupande. Unapofunga kava hakikisha pini imeingia kwenye tundu lake. Nimeshaona kava lililopasuka katikati kwa sababu mtu alikaza nati huku pini ikiwa imeegemea chuma cha bapa badala ya kuingia tunduni, na alishangaa kwa nini skrubu haifanyi kazi.

Stadi zilizochoka ni jambo gumu zaidi. Mwili wa chenso ni wa chuma chepesi, na hesi zake hung'oka baada ya miaka mingi ya kukazwa kwa spana ndefu kuliko inayostahili. Dalili ni nati inayozunguka bila kukaza, au inayokaza asubuhi na kulegea kabla ya mchana. Usichomelee. Mpelekee fundi wa kukereza atoboe na kupachika hesi mpya za chuma; kazi hiyo ikifanywa vizuri huwa imara kuliko ya mwanzo. Wakati huohuo acha ile tabia ya kuongeza bomba kwenye spana ya plagi unapokaza nati hizo. Spana hiyo ilitengenezwa fupi makusudi.

Upungufu wa oili hulegeza cheni kwa njia mbili kwa pamoja: cheni kavu hupata joto na kurefuka, na ribiti kavu hulika. Kupima ni rahisi. Shika pua ya bapa karibu na kisiki kipya cheupe, bila kukigusa, ubane mafuta sekunde kumi. Mstari wa matone ya oili uonekane juu ya kisiki. Usipoonekana, toa bapa uzibue lile tundu dogo la oili pamoja na mfereji wake kwenye mwili wa mashine, kisha usafishe kichujio kilicho ndani ya tangi. Kanuni ya zamani ambayo haijawahi kuniangusha ni kwamba tangi la petroli linapoisha, la oili nalo liwe limekaribia kuisha. Likibaki nusu, bapa halikunywa. Baadhi ya chenso za zamani zina pampu ya kubonyeza kwa kidole gumba, na mwenye nayo hana budi kukumbuka kuibonyeza kila baada ya sekunde chache anapokata gogo nene.

Kuhusu oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari, najua bei ya oili mpya na najua kwa nini watu huitumia. Hata hivyo ina chembe za chuma zinazosaga pampu na bapa, na ni mbaya kwa ngozi ya mtu anayerushiwa matone yake siku nzima. Oili safi ya injini, ya bei ya chini kabisa dukani, ni bora kuliko hiyo.

Kisababishi cha mwisho ni cheni butu. Cheni kali hutoa vipande vinene vya mti. Butu hutoa unga mwembamba, na mkataji hulazimika kuikandamiza, joto linapanda, cheni inalegea. Anayepasua mbao kwa kufuata urefu wa gogo, kazi ambayo bado inafanywa na wengi wasio na mashine ya kupasulia karibu, huiona hali hiyo mapema kuliko anayekata magogo mapande, kwa kuwa cheni haipumziki kati ya mkato na mkato. Kwake mimi husema apitishe tupa kila anapojaza petroli, na aangalie mkazo kabla ya kila mstari mpya, si kila baada ya ubao.

Jioni

Kazi ikiisha, acha mashine ipoe kidogo, legeza nati, rudisha skrubu mzunguko mmoja, kisha uzibane nati kwa vidole. Pangusa maranda kwenye kava, kwa sababu yakilala na unyevu wa ukungu skrubu itashika kutu ndani ya wiki moja. Bapa livikwe ala yake, hata kama ni kipande cha bomba la maji kilichopasuliwa upande mmoja. Ukiifunga chenso kwenye pikipiki, funga kamba kwenye mpini na mwilini, kamwe si kwenye bapa, na asubuhi, kabla hujavuta kamba ya kuwashia, kofia ya plagi ikiwa bado imechomolewa na mikono ndani ya glovu, kaza cheni ukiwa na mashine ya baridi.